Damu Niliyoifurahia

Damu iliporudi, nilifurahi. Naanza na hilo kwa sababu kina mama ninaokutana nao kwenye mabenchi ya kliniki huniuliza kama niliogopa siku ya kwanza, na nikiwaambia sikuogopa wanadhani najidai. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa barazani kwangu Nyasho, hapa Musoma mjini, nimekaa kwenye cherehani, nashona sare za shule, miguu inakanyaga, mara nikahisi joto na unyevu. Nikaingia ndani nikajitazama. Kisha nikaketi kitandani nikacheka peke yangu kama kichaa. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu nilipoona siku zangu mara ya mwisho, na mimi nilikuwa sijawahi kupata mtoto.

Jina langu Nyakwesi. Mume wangu, Magesa, alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, na kwao ni Butiama. Tulifunga ndoa kanisani nikiwa msichana. Mimba mbili zilitoka kabla hazijaonekana, na baada ya hapo pakawa kimya. Majirani zangu wote waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Neema, Mama Juma, na mimi nikabaki Mke wa Magesa mpaka mvi zikaanza kuchungulia. Ile ilikuwa miaka ya foleni. Watu walipanga foleni kwa sabuni, kwa sukari, kwa unga wa njano, na mimi nilipanga foleni hizo pamoja na nyingine ya kwangu ambayo haikusogea.

Siku zangu zilipokoma mapema, ukoo wa Magesa ulifanya kikao Butiama. Kanisa lilikuwa limemkataza kuongeza mke, naye alikuwa mtu wa kukaa kiti cha mbele. Lakini kwetu iko njia nyingine. Mwanamke ambaye nyumba yake haina mtoto anaweza kuoa msichana. Ng'ombe za mahari zinatolewa kwa jina la nyumba yake, na msichana anakuja kuwa mkamwana wake, mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Ukoo unamtafutia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wakipatikana ni wajukuu wa nyumba ile. Wenyewe wanaiita nyumba ntobhu. Mchungaji wetu alipodokezwa alisema hajawahi kukutana na dhambi ya namna hiyo, akaulizia hali ya mvua.

Hivyo ndivyo Nyabwire alivyokuja nyumbani kwangu. Alitoka kijiji kimoja upande wa Bunda, msichana wa miaka ishirini na kidogo, mama yake amekwisha kufariki, mrefu, mwenye sauti ya chini. Tulikubaliana akae nami Nyasho ajifunze kushona, na baada ya mavuno ukoo umchagulie mwanamume. Alijifunza haraka. Vifungo alivishona vizuri kuliko mimi. Na alikuwa na malezi ya kwetu hasa. Mkamwana haingii chumba anacholala mkwe wake, hakai kitandani kwake, hafui nguo zake za ndani, wala hatamki jambo lolote la mwili wa mkwe lililo chini ya fundo la kanga. Nyabwire hayo yote aliyashika bila kukumbushwa. Nilijivuna kwa majirani kwamba nimepata binti mwenye adabu, na kwa kweli nilimpenda.

Sasa basi, damu ilirudi Nyabwire akiwa ana miezi michache tu nyumbani kwangu, wakati wa mvua za vuli.

Mtu wa kwanza niliyemwambia alikuwa wifi yangu Veronika, dada mkubwa wa Magesa, aliyekuwa anaishi Bweri. Alikuja na jembe lake begani akitoka shamba, nikamvuta ndani nikamnong'oneza. Akaweka jembe chini. Akanishika mabega.

"Nyumba imefunguka, wifi," akasema. "Mungu anachelewaga, lakini anafikaga."

Yeye mwenyewe alikuwa amezaa watoto wengi, kwa hiyo nilimwamini kama ambavyo mtu humwamini daktari. Alisema kizazi kilicholala kikiamka hujisafisha kwanza. Damu ilipoendelea kupita siku za kawaida, alisema njia iliyofungwa muda mrefu ina uchafu mwingi. Ilipoanza kutoka kila mara Magesa akinikaribia, akasema hiyo ni dalili kwamba mbegu inapokelewa. Kila swali langu lilikuwa na jibu tamu, na mimi nilikuwa na njaa ya majibu ya aina hiyo. Aliniletea samaki aina ya ningu ambaye kwetu hupikiwa mama mzazi, nikanywa supu yake nikiwa nimefumba macho. Nilipotaja hospitali, alinikataza. Mimba changa haitangazwi, alisema, na wewe una watu wanaokutazama.

Baada ya muda tumbo langu la chini likajaa na kuwa gumu kidogo. Nikaanza kula udongo. Nikachukua vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye sare nikashona nguo ndogo, kifulana, kofia, kisuruali chenye lastiki, nikazificha chini ya marobota. Sikujua wakati ule, lakini kitu nilichokuwa nakishonea nguo na kukinywea supu ndicho kilichokuwa kinanimaliza. Hilo ni gumu kuliandika hata leo.

Kuificha damu yenyewe ilikuwa kazi. Vipande vya kitambaa alivyokuwa analeta Magesa kutoka kiwandani nilivikunja kuwa pedi. Sabuni ndiyo ilikuwa taabu, maana mche mmoja tuliukata vipande na kuutunza kama dawa. Nilifua kwa majivu na majani ya mpapai, nikaanika nyuma ya choo chini ya kanga. Magesa hakuuliza. Mwanaume wa kwetu haulizi habari hizo, na nadhani naye alikuwa anahesabu miezi kimoyomoyo.

Siku moja nilikuwa nashona, wateja wawili wamesimama wanasubiri suruali. Nikainuka kuchukua pasi, na nyuma yangu mto wa kiti ukabaki na doa kubwa. Mimi sikuliona. Nyabwire aliliona. Akaugeuza mto upesi akakaa juu yake, akaendelea kushona mpaka wateja wakaondoka, kisha akauosha bila kunitazama usoni. Nilielewa kilichotokea nilipoona mto umeanikwa. Nikasema moyoni, hii ndiyo adabu.

Baada ya siku chache alikuja jikoni, akapiga goti, akasema tumbo lake la chini linamuuma, anaomba nimsindikize hospitali ya serikali, upande wa kina mama. Nilimwambia achemshe mwarobaini. Wiki iliyofuata akaja tena.

"Mama, naomba twende wote wawili," akasema. "Peke yangu naogopaga. Twende wote, tuingie wote kwa nesi."

Nikamwambia nina kazi za watu. Akaja mara ya tatu, na safari hiyo alikuwa analia. Nikampelekea habari Veronika. Yeye akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema tumepewa mgonjwa. Mtu aliyeletwa kuzaa, kabla hata hajaguswa analalamika tumbo la chini. Na kuna haja gani tena ya kumweka, ikiwa nyumba yenyewe imefunguka?

Naandika haya watu wajue jambo lilivyokwenda, si kumtupia lawama Veronika, maana aliyekubali ni mimi. Mimi ndiye niliyekwenda Butiama kusema mbele ya wazee kwamba msichana arudishwe kwao. Nilitaka mtoto atakayetoka tumboni mwangu asikute mwingine amekwisha kukaa kwenye nafasi yake. Wazee walimuuliza Nyabwire kama ni kweli anaumwa. Akasema ndiyo. Akaulizwa ni ugonjwa gani, akainama. Ng'ombe zikarudishwa kutoka kwao, bila ugomvi, kwa kuwa alikiri mwenyewe.

Nilimsindikiza stendi ya Musoma. Alikuwa na kifurushi kimoja na mkasi mdogo niliompa. Katika kuagana aliushika mkono wangu muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu kati ya mkamwana na mkwe, na mimi nikautoa. Basi lake likaondoka, nami nikarudi Nyasho nikijiona nimepungukiwa mzigo.

Masika yalipoanza ndipo mambo yalipobadilika. Damu ikaanza kuja na maji, na maji yakawa na harufu. Nitasema harufu hiyo kwa sababu hakuna aliyeniambia kabla. Ni harufu ya nyama iliyosahaulika. Nilioga mara nyingi kwa siku, nikapaka mafuta mazuri, nikachoma ubani kwenye kibati. Magesa akahamia kulala kwenye mkeka sebuleni, akasema joto limezidi. Ilikuwa inanyesha kila siku. Sikumwambia kitu. Kanisani nikawa nakaa karibu na mlango, kisha nikaacha kwenda. Gauni moja nililipunguza kiunoni, nikalipunguza tena, na huku tumbo la chini bado gumu. Kiuno kilikuwa kinauma nikikanyaga cherehani, hivyo nikawa nakanyaga kidogo, napumzika kwa muda, nakanyaga tena.

Nilikwenda zahanati moja, nikaeleza nusu. Nilisema nina damu kidogo na kizunguzungu. Sikutaja harufu, wala miaka ya kukaa bila damu. Mhudumu alisema mambo ya umri, akanipa vidonge vya kuongeza damu, na siwezi kumlaumu kwa habari nilizomnyima. Niliporudi nyumbani nilizitoa zile nguo ndogo chini ya marobota. Nikakaa nazo mapajani. Nadhani siku hiyo nilikuwa nimeshajua, ila sikuwa tayari kulisema. Nikachukua wembe nikazifumua moja moja.

Siku niliyoanguka ilikuwa mchana kweupe. Nilianguka kutoka kwenye kiti cha cherehani, damu ikatoka mabonge, na Veronika ambaye alikuwa amekuja na mahindi ya kuchoma akapiga yowe majirani wakajaa. Wakanibeba kwenye mkokoteni wa muuza maji mpaka barabarani, tukapata gari. Nakumbuka nilikuwa nawaomba radhi kwa harufu.

Hospitali, upande wa kina mama, wajawazito na wagonjwa tulikaa benchi moja. Baada ya kuongezewa maji nililazwa usiku ule, na asubuhi nikapelekwa kusubiri daktari. Kulikuwa na wanawake wenye matumbo makubwa wakisukana, wakicheka, wakigawana ndizi. Mmoja aliyeketi kando yangu akanitazama tumbo, akaniuliza kwa upole, "Yako ina miezi mingapi, mama?"

Nikamjibu bado changa. Akanimegea ndizi yake. Nikaila yote, kwa kuwa sikujua la kufanya.

Glavu za kunipimia Magesa alizinunua nje ya geti. Miaka hiyo ndani hakukuwa na kitu na nje kulikuwa na kila kitu, maana maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameruhusiwa. Daktari alikuwa kijana wa umri wa kuweza kuwa mwanangu. Sikuwahi kulala namna ile mbele ya mwanaume asiye mume wangu, na nililia kwa aibu kabla hata hajanigusa. Nesi, mama mnene wa makamo, alisimama kichwani kwangu akanifuta jasho. Daktari alitazama, akakata kinyama kidogo akakitia kwenye chupa. Alipotoka, nesi akabaki.

"Mama, ulikaa na hii hali tangu vuli, mbona hukuja?"

"Nilidhani ni mimba," nikasema.

Nesi huyo hakucheka. Nimekutana na watu wengi waliocheka tangu wakati huo, hata ndugu, lakini yeye hakucheka. Aliweka mkono juu ya goti langu, akasema, "Si mimba, mama," na akaendelea kukaa hapo nilipomuuliza tena kama ana hakika.

Kile kinyama kilipelekwa Mwanza. Tulisubiri majibu tangu mtama ulipokuwa unatoa masuke mpaka watu walipoanza kuuvuna. Magesa alinipa damu yake, na mdogo wake pia. Majibu yalipokuja daktari alitumia neno kansa, ya shingo ya kizazi, na akasema dawa yake ni mionzi, na mionzi iko Dar es Salaam. Akasema imechelewa, lakini haijapita kabisa mahali pa kutibika. Maneno yake hayo ya mwisho niliyashika kwa mikono miwili.

Wakati ule neno lile lilimaanisha mtu arudishwe nyumbani. Kikao kikakaa tena Butiama, na mama mkwe wangu akasema kwa nia njema kabisa kwamba niletwe nife karibu na watu, kuliko kwenda kuzikwa na wageni pwani. Magesa hakuwa mtu wa kujibizana na mama yake. Siku ile alijibu. Alisema zile ng'ombe zilizorudi kutoka Bunda zilikuwa za nyumba ya Nyakwesi, na nyumba ya Nyakwesi ni Nyakwesi mwenyewe. Akaziuza. Ndizo zilizonipeleka Dar es Salaam.

Tulipanda basi la Mwanza asubuhi, mimi nimekalia kanga tatu zilizokunjwa. Basi liliposimama Bunda, watu wakashuka kununua chakula, na mimi nikabaki dirishani kwa sababu sikuweza kushuka. Nikamwona Nyabwire anakuja kati ya wauza mahindi. Habari zilikuwa zimemfikia. Alikuwa na viazi vya kuchemsha kwenye kibakuli na kanga mpya. Alinipitishia dirishani, akanisalimia, kisha akaegemea ubavu wa basi, uso wake chini ya wangu.

"Mama, sasa mimi si mkamwana wako, naweza kusema," akasema. "Tumbo langu halikuwaga linauma."

Sikumwelewa. Akaniambia mama yake alikufa kwa damu ya namna ile, na kwamba siku ya mto alipoiosha ile damu aliijua harufu, hata kabla mimi sijaanza kuisikia. Hakuweza kuitamka kwangu. Hakuweza kumwambia Magesa, ambaye kwake alikuwa baba mkwe. Alijaribu kumwambia Veronika akakosa pa kuanzia. Kwa hiyo akajitwisha ugonjwa yeye, akitumaini tukiingia wote kwa nesi, nesi ataniona mimi.

"Na ulipoulizwa mbele ya wazee?" nikamwuliza.

"Ningesema siumwi, wangeniuliza kwa nini nimedanganya. Ningejibu nini mbele ya wanaume, mama? Niwatajie damu yako?"

Kondakta akagonga bodi, watu wakapanda, na basi likaanza kwenda huku bado ameshika ukingo wa dirisha. Magesa alikuwa amekaa pembeni yangu, na alikuwa amesikia yote. Nililia waziwazi ndani ya basi la watu, na nilikuwa na haki ya kulia.

Kuhusu Dar es Salaam sitasema mengi, kwa sababu kila aliyepita pale ana yake. Treni kutoka Mwanza ilinichosha kuliko ugonjwa. Wodini tulilala wawili wawili, kichwa cha huyu miguuni mwa yule. Mwenzangu wa kitanda alikuwa mwanamke wa Tunduru aliyeitwa Mwanahawa, mcheshi sana, aliyenifundisha kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na kuwahi foleni ya mashine kabla umeme haujakatika. Umeme ulikatika mara nyingi. Tulikaa kwenye korido, tumejifunga kanga, tukisikiliza kama mashine imeanza tena kunguruma. Ngozi ya chini ya kitovu ikawa nyeusi ikabanduka. Tumbo likawa linaharisha, na mkojo ulichoma mpaka nikawa naogopa kunywa maji. Kisha yakaja matibabu ya mionzi ya kuwekwa ndani ya mwili, ambayo unalazwa peke yako chumbani na huruhusiwi kujigeuza. Pale nilifikiria zile mara tatu Nyabwire alizopiga goti jikoni kwangu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Laiti ningeinuka mara ya kwanza, daktari angekuta kitu kidogo.

Damu ilikauka kabla ya matibabu kwisha. Nesi wa pale, bila kuzunguka, alinieleza kwamba mionzi imeua na kizazi vilevile, nisije nikaona dalili yoyote nikadanganyika tena. Nilimshukuru. Mwanahawa alitangulia kurudi kwao, tukaahidiana salamu, na sijui kama bado yuko hai. Namwombea.

Nilirudi Musoma kiangazi, wakati dagaa wameanikwa ufukweni kila mahali. Nilikuwa mwepesi mpaka upepo wa ziwani ulinitisha. Soko la mitumba lilikuwa limeshamiri na watu walikuwa hawashoneshi nguo tena, wanapunguza tu, na kwangu ilikuwa nafuu kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kukanyaga sana. Veronika alikuja kila siku kunipikia uji, na hakuna hata siku moja tuliyozungumza juu ya supu ya ningu. Anaugua kwa hilo, naona. Magesa alikaa nami miaka miwili zaidi, kisha akachukua mke Butiama na kupoteza kiti chake cha mbele. Mimi ndiye niliyemwambia aende. Yuko na watoto sasa, na Jumapili huja Nyasho, tunakula, ananitengenezea cherehani ikiharibika. Simlaumu, ila jioni akiondoka huwa sitazami njia.

Kwa mama unayesoma haya: kama siku zako zilishakoma na damu ikarudi, usimwite yeyote akutafsirie. Hata ikiwa haiumi, na mara nyingi haiumi. Hata kama unaona haya. Ukifika, sema yote, harufu pia. Wahudumu wamezoea. Na wewe ambaye ni binti wa watu katika nyumba ya mkwe, ukiona, sema. Atakasirika. Mwache akasirike.

Limebaki jambo moja. Miezi michache baada ya kurudi, nilipoweza kukaa kwenye basi, nilikwenda Bunda peke yangu. Nyabwire alikuwa anaishi kwa mjomba wake, anakaanga maandazi nje ya nyumba, karibu na soko. Bado hakuwa ameolewa. Aliponiona alianza kupiga goti, akajizuia, akanivutia kiti. Nilimwomba radhi kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima na yakatoka vibaya. Kisha nikamwambia nilichokuja kusema. Nilimwambia kizazi changu kimekufa na nyumba yangu bado haina mtu, na kama atakubali, nitakwenda mwenyewe kwa wazee, arudi kuwa mkamwana wangu kama tulivyokusudia. Nilimwambia sitaki mwingine. Nilikuwa naomba nipate wajukuu, na nilikuwa naomba nimpate yeye, na sikuficha lolote kati ya hayo mawili.

Aligeuza maandazi yote kabla hajanijibu. Nikaona machozi yanamdondoka, akayafuta kwa mkono wenye unga.

"Hapana, mama," akasema. "Nikirudi nitanyamaza tena. Nitaanzaga tu kukuheshimu kama zamani. Niache hivi hivi nisiwe wa kwako, ili niweze kukuuliza."

Akaepua karai, akalisogeza pembeni, akavuta kigoda akaketi mbele yangu, magoti yetu yakigusana.

"Haya niambie," akasema. "Damu imekata kabisa?"

Nikamjibu imekata. Akauliza kama mkojo bado unachoma, kama nalala, kama harufu imekwisha, kama naweza kukaa na mume wangu. Nikamwambia yote, mpaka yale ambayo Magesa hajawahi kuyasikia, na maandazi yakapoa.